Nyutro na Ethi: Kutafuta Tatizo Kuanzia Swichi Kuu Hadi Ndani ya Bomba

Matatizo mengi ya umeme wa nyumbani yanayomfanya mtu anunue breka mpya, RCD mpya (kifaa kinachokata umeme unapovuja), hata friji mpya, hayapo kwenye laivu, waya unaoleta umeme. Yapo kwenye nyaya mbili zinazofungwa mwishoni, kwa haraka, jua likishaanza kuzama: nyutro, inayorudisha umeme, na ethi, inayoupeleka ardhini umeme ulioponyoka. Laivu ikikosewa, kitu hakiwaki au breka inakata papo hapo, na kila mtu anajua. Nyutro au ethi ikikosewa, taa zinaendelea kuwaka, fundi analipwa na kuondoka, na hatari inabaki ukutani mpaka siku kitu cha pili kitakapoharibika.

Mwongozo huu ni wa nyumba za kwetu: umeme wa volti 230 au karibu na hapo, unaofika kutoka kwenye nguzo kwa nyaya mbili, au nne kama ni fezi tatu, mita ya LUKU au ya tokeni, swichi kuu, sanduku la breka, na rodi ya ethi iliyochimbiwa na mwenye nyumba mwenyewe. Kufungua masanduku ni kazi ya fundi mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya na EPRA, mamlaka za udhibiti wa nishati. Mwenye nyumba anayesoma hapa anaweza kutambua dalili, kuzima swichi kuu kwa wakati, na kujua amuulize fundi swali gani. Lakiri ya mita na viungo vya kwenye nguzo ni vya shirika la umeme. Tatizo likionekana huko, piga simu, usipande.

Jambo moja likae kichwani kabla ya kushika bisibisi. Nyutro inabeba mkondo muda wote. Ampea 10 zikienda kwenye heta kwa laivu, ampea 10 zinarudi kwa nyutro. Huo si waya "usio na umeme". Ethi siku za kawaida haibebi kitu. Kazi yake ni siku laivu inapogusa bati la friji. Kwa hiyo nyutro inaweza kukatwa na swichi, mradi laivu ikatwe pamoja nayo, na kamwe haiwekewi fyuzi yake peke yake. Ethi haikatwi na swichi yoyote wala haipitii fyuzi yoyote, kuanzia kwenye rodi hadi kwenye soketi ya mwisho.

Pima mara tatu kabla ya kufungua chochote

Nenda na maltimita kwenye soketi yenye tatizo. Pima laivu na nyutro, laivu na ethi, halafu nyutro na ethi. Tesita ya taa ndogo haitoshi kwa kazi hii, kwa sababu inawaka hata kwa mkondo mdogo sana, na haikuambii waya unaorudi uko hai au umekatika.

Soketi nzima inatoa kama 230 laivu na nyutro, 230 laivu na ethi, na volti chache tu kati ya nyutro na ethi. Ukipata 230, kisha karibu sifuri, kisha 230 kwa mpangilio huohuo, laivu na nyutro zimebadilishana. Ukipata laivu na nyutro ziko sawa, lakini laivu na ethi inasoma namba ya ajabu kama 90 au 120 inayocheza, ethi imekatika na mita yako inasoma kivuli cha umeme kutoka kwenye nyaya za jirani. Ukipata laivu na nyutro sifuri au inayumba, lakini laivu na ethi 230, na nyutro na ethi imepanda juu, nyutro imekatika nyuma ya soketi hiyo, upande umeme unakotoka.

Kuna usomaji mmoja ambao mafundi wengi huuona ni mzuri kumbe unapaswa kuwatia shaka. Washa heta au pasi, pima nyutro na ethi. Mzigo mkubwa ukiwaka, nyutro lazima ipande volti moja, mbili au zaidi, kwa sababu ya ukinzani wa waya wenyewe. Ikibaki sifuri kamili, katika nyumba inayotegemea rodi yake, yamkini kuna mtu ameunga nyutro na ethi mahali fulani ndani. Tafuta alipounga.

Onyo kuhusu taa ya majaribio. Usiichomeke kati ya laivu na ethi ili "kuona kama ethi ipo". Ethi ikiwa imekatika, laivu itapita ndani ya taa hiyo na kuingia kwenye mabati ya vifaa vyote vilivyofungwa kwenye waya huo, na aliyeshika mlango wa friji jikoni hatajua ulichofanya sebuleni.

Nyumba nzima imezimika, lakini tesita inawaka kwenye matundu yote mawili

Hapa ndipo husikika maneno "zimeingia fezi mbili". Mara nyingi si kweli. Nyutro imekatika. Laivu inapita ndani ya taa au friji iliyowashwa, inatokea upande wa pili, inakuta njia ya kurudi haipo, inabaki hapohapo. Waya wa buluu au mweusi uliouamini kuwa ni salama sasa una volti 230.

Uthibitisho ni rahisi. Chomoa vifaa vyote na zima taa zote. Kama tundu la nyutro linapoteza mwanga, umeme ule ulikuwa ukipita kwenye mizigo yako, na kinachotafutwa ni mahali nyutro ilipoachia.

Fuata njia kutoka kwenye sanduku kurudi nyuma, mizigo ikiwa imewashwa. Pima laivu na nyutro kwenye baa ya nyutro (kipande cha metali ambako nyutro zote hufungwa) ndani ya sanduku la breka, kisha kwenye matokeo ya swichi kuu, kisha kwenye maingilio yake. Pale unapopata 230 upande mmoja na upuuzi upande wa pili, umefika. Kama hata maingilio ya swichi kuu hayana nyutro nzima, tatizo liko kwenye mita au nguzo, na kazi yako inaishia kwenye simu.

Swichi kuu ya nyumba ya fezi moja inapaswa kuwa ya poli mbili: laivu na nyutro zinaingia zote na kukatwa kwa mkono mmoja. Poli ya nyutro huchakaa sawasawa na ya laivu, ila watu hawaikagui. Sababu ninazoziona zaidi ni skrubu iliyobana plastiki ya waya badala ya shaba, waya wa nyuzinyuzi uliosukumwa nusu nje ya tundu, na kebo ya alumini kutoka kwenye nguzo iliyofungwa moja kwa moja kwenye tamino ya shaba. Alumini na shaba zikigusana penye unyevu, alumini inaliwa. Tanga, Mombasa na Unguja, hewa ya chumvi inaharakisha jambo hilo. Kiungo hapo kiwe kile kilichotengenezwa kwa metali hizo mbili.

Kiungo kibovu kinaweza kupatikana kabla hakijakatika. Nyumba ikiwa na mzigo mkubwa, weka mita ya volti kati ya maingilio na matokeo ya poli ya nyutro, swichi ikiwa imewashwa. Isome karibu na sifuri. Ukikuta volti 3 mkondo ukiwa ampea 30, kiungo kina ukinzani wa omu 0.1 na kinatoa wati 90 za joto ndani ya kisanduku kidogo cha plastiki. Harufu ya plastiki mbichi inayoungua ambayo mwenye nyumba "huisikia jioni tu" ndiyo hiyo, kwa sababu jioni ndipo jiko na pasi vinawaka.

Taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kiasi, za kingine zinafifia

Kama nyumba au jengo lina fezi tatu, usiendelee kusoma: zima swichi kuu kwanza. Hii ni nyutro iliyoachia kwenye fezi tatu, na kila dakika inaua kifaa.

Kati ya fezi mbili kuna karibu volti 400. Nyutro ikiwepo, kila fezi inapata 230 yake bila kujali jirani. Nyutro ikikatika, mizigo ya fezi moja na ya nyingine inajikuta imeunganishwa mfululizo ikigawana 400, na mgawanyo unafuata ukinzani. Chukua pasi ya wati 2000 kwenye fezi moja na balbu ya zamani ya wati 100 kwenye nyingine. Pasi ina ukinzani wa kama omu 26, balbu omu 529. Pasi inabaki na volti 19 hivi, haipati moto. Balbu inabeba 381. Badala ya balbu weka televisheni ya mpangaji wa ghorofa ya pili, utaelewa kwa nini majengo mazima hupoteza vifaa mchana mmoja ilhali hakuna breka iliyokata. Breka inaangalia ampea, haiangalii volti.

Dalili inayotangulia ni hii: ukiwasha birika, taa fulani badala ya kufifia kidogo zinaongezeka mwanga. Fezi moja pekee haifanyi hivyo. Ukiiona hata mara moja, kagua poli ya nne ya swichi kuu, au kile kiungo kisichokatwa cha nyutro kama swichi ni ya poli tatu. Swichi ya poli nne iliyotengenezwa vizuri hufungua nyutro pamoja na fezi au baada yake, na huifunga pamoja nazo au kabla. Ukibadilisha kwa swichi isiyo na utaratibu huo, au ukapitisha fezi kwenye poli iliyoandikwa N, kila ukiwasha jengo unalipa sekunde kidogo ya nyutro iliyokatika.

Kwenye majengo yenye kompyuta na taa nyingi za LED kuna kitu kingine. Mikondo ya vifaa vya elektroniki ina sehemu ambazo hazifutani kwenye nyutro kama tulivyofundishwa, zinajumlishana. Nyutro inaweza kubeba zaidi ya fezi, hadi kama mara 1.7. Kwa hiyo ule mtindo wa kuvuta nyutro nyembamba kuliko fezi ili kuokoa shaba sikubaliani nao kabisa kwenye ofisi na maduka ya siku hizi. Bana mita ya klampu, inayopima mkondo bila kukata waya, kwenye nyutro saa za kazi uone.

Unapigwa ukigusa friji, kompyuta au bomba la maji

Mtetemo mdogo kwenye bati la kompyuta, ambao hupotea ukivaa viatu, kwa kawaida ni ethi kukosekana. Ndani ya kifaa kuna vichujio vilivyofungwa kutoka laivu na nyutro kwenda kwenye bati. Bila ethi, bati hilo linaelea karibu nusu ya volti za ukutani, mkondo ukiwa mdogo sana. Si mkondo wa kuua, lakini unakuambia ukweli: siku laivu itakapogusa bati, hakuna njia nyingine ila mtu.

Pigo kali ni jambo lingine. Zima swichi kuu, halafu angalia kama kuna mtu aliyeunga nyutro na ethi ndani ya soketi.

Nalisema hili kwa uzito wote. Fundi anakuta soketi haina ethi, anachukua kipande kifupi cha waya, anaunga tundu la ethi na skrubu ya nyutro hapohapo nyuma ya soketi. Mita inasoma 230 laivu na ethi, mteja anafurahi. Lakini sasa bati la friji limefungwa kwenye waya unaobeba mkondo. Nyutro ikiachia popote nyuma ya soketi hiyo, laivu inapita kwenye mota ya friji, inafika nyutro, inavuka kile kipande cha waya, inasimama mlangoni ikiwa na volti 230. Friji haijaharibika na breka haina sababu ya kukata. Na kama siku moja mtu atabadilisha laivu na nyutro kwenye boksi la kuungia, bati litakuwa hai tangu sekunde ya kwanza. Ukikuta kipande hicho, kiondoe, hata kama hujapata bado namna ya kuleta ethi ya kweli. Soketi isiyo na ethi ina hatari, ila yenye ethi ya uongo inazidi.

Video nyingi za mtandaoni zinatoka Marekani, na zinaonyesha fundi akiunga nyutro na ethi kwenye swichi ya kwanza ya nyumba. Kwao ndiyo kanuni: zinaungwa hapo mara moja, kwa kiungo maalumu, na kuanzia hapo kwenda mbele, kwenye kila sanduku dogo, zinatengana kabisa. Mfumo wao wa njia ya kurudi umejengwa juu ya kiungo hicho. Nyumba inayoletewa laivu na nyutro tu, na kutegemea rodi yake, haijajengwa hivyo. Usiunge mpaka shirika la umeme la eneo lako liwe limesema mfumo wake unaruhusu, na mahali gani. Kinacholingana pande zote mbili za dunia ni kwamba ukishapita swichi kuu, nyutro na ethi hazikutani tena.

Sasa rodi yenyewe. Watu wanaamini kwamba rodi nzuri inatosha kuifanya breka ikate. Piga hesabu. Rodi ya omu 20 ni nzuri kwa udongo wetu mwingi. Laivu ikigusa bati, mkondo unaokwenda ardhini ni 230 gawa kwa 20, yaani ampea 11.5. Breka ya ampea 32 inauona huo kama mzigo wa kawaida. Ili ikate papo hapo, ile ya aina B inataka hadi ampea 160. Bati linabaki hai saa nzima, siku nzima, na mita inahesabu. Hii ndiyo sababu nyumba ya rodi bila RCD haina ulinzi, hata rodi ikiwa nzuri namna gani. RCD ya miliampea 30 inafanya kazi hata kwa rodi dhaifu, kwa kuwa kinachotakiwa ni volti za bati zisizidi 50 kabla haijakata. Kwa hesabu hiyo rodi inaweza kufika omu 1,667. Lakini rodi ya ukinzani mkubwa hivyo haitabiriki udongo ukikauka; iweke chini ya omu 200. Pima kiangazi. Chumvi na mkaa vinavyomwagwa shimoni vinapunguza usomaji siku ya kukaguliwa, kisha mvua inaosha chumvi na iliyobaki inakula kibano. Rodi ndefu zaidi, au ya pili iliyochimbwa mbali na ya kwanza, ndiyo tiba inayodumu. Na kibano kiwe ndani ya kishimo chenye mfuniko, kisifukiwe, ili kikaguliwe.

RCD inakata

Mafundi wengi bado wanaiita ELCB. Inalinganisha mkondo unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika kiwango chake, inakata. Ile ya miliampea 30 inaruhusiwa kukata popote kati ya 15 na 30. Kwa hiyo swali ni moja tu: mkondo umerudi kwa njia gani nyingine?

Inakata hata breka zote ndogo zikiwa zimezimwa. Fundi asiyejua anasema RCD imekufa. Lakini breka za poli moja zinakata laivu tu. Nyutro zote bado zimefungwa kwenye baa. Nyutro iliyogusa ethi popote ndani ya nyumba bado inagusa. Zima swichi kuu, hakikisha kwa mita kwamba umeme haupo, toa nyutro zote kwenye baa ya RCD, washa. Ikikaa, zima, rudisha nyutro moja, washa tena, mpaka itakapokata. Hapo umeijua saketi. Ukiwa na mega, kipimo cha uzima wa plastiki ya waya, ni haraka zaidi: saketi ikiwa imekatwa pande zote, vifaa vimechomolewa na taa za LED zimetolewa, pima nyutro na ethi kwa volti 500. Chini ya megaomu 1, kuna jeraha.

Inakaa vizuri, ila inakata mara tu taa fulani ikiwashwa. Hiyo ni nyutro ya kuazima. Laivu imetoka RCD hii, nyutro imerudi kwenye baa ya nyingine, au kwenye baa isiyo na RCD kabisa. Taa ya ngazi yenye swichi mbili, moja chini na moja juu, ndiyo mahali pa kwanza pa kutazama, kwa sababu fundi huchukua laivu ya chini na nyutro ya juu kuokoa mita chache za waya. Masanduku yenye RCD mbili yana baa mbili za nyutro, na kosa la kuchanganya baa hizo ni la dakika moja tu. Andika namba ya breka kwenye kila nyutro wakati wa kufunga.

Inakata mvua ikinyesha: taa za nje, kengele ya geti, pampu, na mabomba yaliyojaa maji. Inakata bila mpangilio kwenye ofisi yenye kompyuta nyingi: uvujaji mdogo wa vichujio umejumlishana. Gawa saketi, usibadilishe RCD kwa yenye kiwango kikubwa zaidi kwenye soketi.

Kitufe cha majaribio hakifanyi kitu? Kinahitaji laivu na nyutro zote mbili zifike kwenye RCD. Nyutro ikiwa imepitishwa pembeni, kitufe kimekufa na ulinzi nao umekufa. Kinyume chake pia ukumbuke: kitufe kinafanya kazi hata nyumba ikiwa haina ethi hata kidogo, kwa hiyo hakithibitishi rodi.

Nyumba ya kupanga: tokeni za mmoja zinaisha haraka

Mwenye nyumba alikuwa na mita moja, akaongeza ya pili, fundi akagawa laivu vizuri na kuziacha nyutro zote kwenye baa moja. Taa zinawaka kwa wote. Lakini mkondo wa mpangaji wa kwanza sasa unarudi kwa nyutro za mita mbili. Baadhi ya mita za kisasa zinapima laivu na nyutro zote mbili ili kugundua wizi. Zikiona tofauti, zinahesabu ule mkubwa au zinawasha alama ya kuchezewa, na mpangaji asiye na hatia anaandikiwa kosa. Tena, ukizima swichi kuu ya chumba kimoja ili ufanye kazi, nyutro yake inaweza kuwa bado inabeba mkondo wa chumba cha pili. Kipimo: zima chumba A kabisa, bana klampu kwenye nyutro yake. Isome sifuri. Isipokuwa sifuri, tenganisha nyutro waya kwa waya, kila moja na mita yake, na usiwaache wapangaji walaumiane.

Bomba la chuma lina joto au linavuma

Hili linatokea zaidi viwandani, kwenye mashine za kusaga na visima, lakini likitokea linachoma. Laivu na nyutro ya saketi moja zikipita pamoja ndani ya bomba la chuma, sumaku za mikondo yao zinafutana. Mtu akipitisha fezi kwenye bomba moja na nyutro kwenye lingine, au akatoboa tundu la kila waya peke yake kwenye bati la sanduku, chuma kinachozunguka waya mmoja kinapata joto kwa mkondo unaojizungusha ndani yake. Glandi (kibano cha waya kwenye tundu la sanduku) inaungua, plastiki ya waya inalainika, na siku moja laivu inagusa bomba. Kaza skrubu zote, badilisha breka, joto halitaondoka.

Tiba ni kurudisha familia pamoja: fezi zote, nyutro, na ethi ya saketi hiyo ndani ya bomba moja na kupitia tundu moja. Kama nyaya nene zimelazimika kuingia kwenye bati kwa matundu tofauti, kata mfereji kutoka tundu hadi tundu ili chuma kisiufunge waya mmoja peke yake, au weka bati la shaba nyeupe au alumini. Bomba la PVC halipati joto hili, na ndiyo maana watu hufikiri kwamba ndani yake kutenganisha nyaya ni sawa. Si sawa: ethi iliyopita mbali na laivu yake inaongeza ukinzani wa njia ya hitilafu, na fundi wa kesho hatajua nyutro gani ni ya nani.

PVC inadai waya wa ethi kila mara. Bomba la chuma linaweza lenyewe kuwa ethi kama viungo vyake vimekazwa na havina kutu, lakini kwenye jengo la miaka mingi siliamini, vuta waya. Ukubwa wake ulingane na laivu hadi milimita za mraba 16.

Rangi ndizo zinazodanganya zaidi wakati wa kufungua bomba la zamani. Mtindo wa zamani wa Kiingereza ulikuwa na nyekundu, njano na buluu kwa fezi, nyeusi kwa nyutro. Mtindo mpya, ambao Uingereza yenyewe ilihamia kikamilifu mwaka 2006, una kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi, buluu kwa nyutro. Soma tena: nyeusi ya zamani ni nyutro, ya sasa ni fezi, buluu ya zamani ni fezi, ya sasa ni nyutro. Madukani kwetu mitindo yote miwili ipo, na jengo lililoongezewa vyumba linaweza kuwa nayo yote ndani ya boksi moja. Pima, kisha funga utepe wa rangi sahihi pande zote mbili. Kijani na njano pekee ndiyo haijabadilika, na haitumiwi kwa kitu kingine hata waya ukiisha.

Swichi imezimwa, bado kuna umeme

Aisoleta (swichi ya kutenga kifaa kimoja) ya poli moja iliyofungwa kwenye nyutro inazima heta bila kuondoa laivu. Shawa ya umeme haitoi moto, mtu anaamini iko salama, anafungua kifuniko, mkono unakutana na volti 230. Heta, shawa, pampu na kiyoyozi vyote vipewe aisoleta ya poli mbili, ethi ikipita pembeni yake bila kukatwa.

Mahali pa pili ni chenjiova ya jenereta, swichi inayohamisha nyumba kati ya umeme wa shirika na wa jenereta. Nyingi zinabadilisha laivu tu na kuziacha nyutro mbili, ya shirika na ya jenereta, zimeungana milele. Kukatika kwa umeme kukitokea, nyutro ya jenereta yako inafika hadi kwenye mita na nguzo, na RCD inaona mkondo ukirudi kusikoeleweka. Weka ya poli mbili, au poli nne kwa fezi tatu.

Hapo panazuka swali ambalo wengi hawaulizi. Jenereta ndogo nyingi hazijaunga nyutro yao na kitu chochote. Nyumba ikiwa kwenye jenereta ya namna hiyo, laivu ikigusa bati, mkondo hauna njia ya kurudi, na RCD haitakata hata mtu akipigwa baada ya kosa la pili. Chenjiova ikishakuwa ya poli zote, na maelekezo ya mtengenezaji yakiruhusu, nyutro ya jenereta inaungwa na fremu yake na rodi mahali pamoja tu, upande wa jenereta. Baadhi ya jenereta zina katikati ya koili iliyofungwa kwenye fremu, na inveta nyingi ndogo haziruhusu kiungo hicho kabisa. Hizo ukiunga unaziua.

Ukimaliza, weka chenjiova katikati, zima pande zote, pima ukinzani kati ya nyutro ya shirika na nyutro ya nyumba, kisha kati ya nyutro ya jenereta na ya nyumba. Zote zisome wazi. Halafu, kama nyutro ya jenereta imeungwa na fremu na rodi, washa jenereta, nenda kwenye soketi, rudia vile vipimo vitatu: laivu na nyutro 230, laivu na ethi 230, nyutro na ethi karibu sifuri. Bonyeza kitufe cha RCD, halafu ipime kwa kifaa chake: kwa miliampea 30 ikate ndani ya milisekunde 300, kwa miliampea 150 ndani ya 40.